Suruali ya Kupandia Newala

Watu hudhani kwamba kazi ya kujifunza pikipiki ni klachi na breki. Hayo niliyamaliza kwa wiki moja, kwenye kiwanja cha mpira cha shule, wanafunzi wakishaondoka. Kilichonichukua mwaka mzima ni nguo. Mwalimu wa kike anayeishi Newala mjini na kufundisha upande wa Mkunya avae nini ili apande pikipiki, ashuke mbele ya wazazi waliokuja kwenye kikao, na katikati ya safari asiage dunia kwa sababu ya pindo la gauni? Hilo hakuna aliyenifundisha.

Nilianza na sketi ndefu, kwa ajili ya heshima. Siku ya tatu heshima ile iliingia kwenye mnyororo. Pikipiki ilizimika ikanishika pale pale barabarani, nimeinama upande mmoja, siwezi kushuka wala kukaa sawa. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na mzigo wa mihogo alisimama, akatua mzigo wake taratibu, akacheka mpaka akatosheka, ndipo akachukua panga lake na kulikata pindo. Nikajaribu baibui. Baibui likajaa upepo mpaka nikaanza kuogopa kila mteremko. Nikajaribu khanga juu ya taiti, ikafunguka mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wanatoka kusali. Hapo nilikasirika. Niliingia sokoni nikanunua mitumba kama mtu anayekwenda vitani.

Mwishowe nilipata vazi langu. Suruali ya kiume, nene, ya kazi. Gauni fupi la kufika magotini juu yake, ili nikishuka nibaki mama wa watu. Khanga nimeifunga kibwebwe kiunoni isicheze. Koti zito nililolivaa kinyume, mgongo wake ukiwa kifuani kwangu, kwa sababu kipupwe cha Newala kinapenya kwenye vifungo. Na ndani ya helmeti, kitambaa nimekikaza kwenye paji la uso, kuzuia nywele, jasho na vumbi la salfa wanalopulizia mikorosho. Walimu wenzangu waliniuliza kama nimejiunga na jeshi. Niliwaambia ndiyo, na wao ndio maadui.

Lakini tangu siku ile kitu fulani kilifunguka ndani yangu, na mpaka leo sijui nikiiteje. Asubuhi za mwezi wa saba ukungu hulala barabarani, na mikorosho hutokea mmoja mmoja, kisha hupotea. Sikuwa na haja ya kushika pindo wala kubana magoti. Nilikuwa na mikono miwili, miguu miwili, na barabara. Kuna siku nilifika shuleni bila kukumbuka hata kona moja niliyopita, nikakaa kidogo juu ya pikipiki iliyozimwa, kengele inagongwa, na mimi sijarudi bado. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na sikuwahi kujua kwamba mwili wangu unaweza kuniacha nipumzike hivyo.

Sasa nimseme mama yangu. Mama anaishi Chiungutwa, huko chini, upande wa Masasi, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba. Mdogo wake, ambaye mimi namwita mama mdogo, aliolewa huku juu, akafiwa na mume, akabaki Newala. Ndugu hawa wawili walizaliwa wakifuatana, walilala mkeka mmoja mpaka siku ya harusi, na walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa. Hawakugombana. Kilichowatenganisha ni mlima. Mama akipanda gari lolote lililofungwa madirisha hutapika kabla halijaondoka kituoni, na kwenye zile kona za kupanda Newala aliwahi kuzimia kabisa. Bodaboda alijaribu mara moja. Alikaa upande, kama mwanamke mwenye adabu zake, miguu yote kushoto, khanga mbili zimembana vizuri. Pikipiki ilipoanza kupanda, aliteleza kwa nyuma akabaki amesimama barabarani, na dereva akaendelea na safari na mazungumzo yake mpaka kona ya pili. Mama alirudi nyumbani kwa miguu na hakutaka kusikia tena. Kukaa katikati, miguu huku na huku, lilikuwa jambo ambalo hata kulitaja mbele yake ni utovu wa adabu. Mama mdogo naye miguu ilikuwa inamvimba siku nyingi, haendi popote. Basi walisalimiana kwa simu, kila Ijumaa, na salamu zilikuwa ndefu kuliko mazungumzo.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mama mdogo alilazwa. Tumbo lilikuwa limejaa maji na uso umekuwa mdogo. Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa nampangusa uso na shingo, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi sikujaliwa mtoto," akasema. "Nikifa, ataanza nani kulia?"

"Mama mdogo, usiseme hivyo. Nitalia mimi."

"Wewe ni mwalimu. Utalia kwa ratiba." Akapumzika kidogo. "Namtaka dada. Mlete nimwone. Asikawie."

Daktari alikuwa ameshaniambia pembeni kwamba siku si nyingi. Nikatoka pale pale. Simu ya mama haikupatikana. Kila Jumamosi inakuwa dukani inachajiwa. Nilivaa suruali yangu, koti kinyume, khanga kiunoni. Kile kitambaa changu cha kichwa nilikuwa nimekitumia kumpangusa mgonjwa, kimelowa. Kwenye mzigo wa mama mdogo kulikuwa na shuka kuukuu, nikachana ukanda, nikajifunga kwenye paji la uso, nikavaa helmeti, nikaondoka.

Shuka lilikuwa jeupe. Hapa lazima nieleze, kwa aibu. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu kwa mwenye msiba. Anatumwa mtu. Mtu huyo huja bila taarifa, khanga ameikaza kiunoni, na kitambaa cheupe amekifunga kichwani. Hana haja ya kusema neno. Mtoto wa darasa la kwanza akimwona anajua, anaacha mchezo na kukimbilia ndani. Na mimi, niliyesoma mpaka chuo, nilijivika vazi lote la tarishi wa msiba, sikusahau hata kipande kimoja, nikashuka mlima huku nikiimba.

Mteremko ule asubuhi ni ndoto. Ukungu unabaki juu yako, na chini unaiona nchi ya Masasi imetandazwa, ile milima yake ya mawe imekaa mbalimbali, kila mmoja na shughuli zake. Nilikuwa nimehuzunika, lakini mwili wangu ulikuwa na furaha yake, na sikuona sababu ya kuukatalia. Nilipofika chini nilivua helmeti kwa sababu ya joto nikaitundika kwenye mkono. Nilisimama kwa muuza petroli wa chupa. Siku zote ananitania kwamba ataniposa ili apate suruali. Siku ile alimimina petroli kimya, akanitazama kichwani, akatazama chini. Nikajua labda kagombana na mkewe. Kumbe nilipoondoka tu alishika simu.

Nilisikia vilio kabla sijaiona nyumba. Vilikuwa vinatoka kwetu, hakuna shaka. Nikawaza: mama. Simu haikupatikana, na mimi nimesema inachajiwa, kumbe mama amekufa. Niliitupa pikipiki kwenye mhogo, nikakimbia nikilia kwa sauti niliyokuwa siijui kama ninayo. Kina mama waliponiona, na kile kitambaa, wakazidisha. Halafu nikamwona mama. Alikuwa amelala chini uani, amevaa kaniki, anajigaragaza, vumbi mpaka kwenye kope. Nilijitupa juu yake, tukashikana, tukalia wote wawili kwa muda.

Ndipo nikamwuliza, "Mama, nani amekufa?"

Mama akaacha kulia.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Si wewe ndiye uliyekuja na habari!"

Sitaki kusimulia aibu ya dakika zile. Nilisema mama mdogo yu hai, anamwita. Nikaeleza kitambaa. Nikaeleza shuka. Mwanamke mmoja alishaanza kuosha sufuria kubwa la msiba, akabaki amelishika. Aliyetuokoa ni mtani wetu, bibi wa Kimakonde anayeishi nyumba ya tatu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafika. Watani wana haki zao msibani: wanachokoza, wanadai, wanaigiza marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Haiwezekani," akasema, mkono kiunoni. "Msiba mkishautangaza hamwezi kuukunja kama mkeka. Mimi nimeacha kazi zangu nimekuja kula. Mfufueni huyo marehemu wenu baada ya ugali."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama macho makavu, na alinishika ukosi wa koti.

"Unaniambia kweli? Hunifichi?"

"Kweli, mama."

"Basi nipeleke nimwone kwa macho yangu. Sasa hivi."

Akaanza kuja upande wa pikipiki na kaniki yake. Mtani akamzuia. "Utakwenda kwa mgonjwa umevaa msiba? Akikuona hivyo atakufa kweli, na safari hii ugali nitaudai mara mbili." Kweli. Tukaingia ndani, mimi, mama na mtani, tukaanza kutafuta nguo. Nikamwambia mama ukweli ambao hakuna mtu aliyewahi kumwambia waziwazi: ukikaa upande, mlima huu utakuacha njiani kama mara ile. Lazima ukae katikati. Na ukikaa katikati, lazima uvae suruali.

Nilitegemea ugomvi. Mama akajipangusa vumbi magotini. Nilivua taiti niliyokuwa nimeivaa ndani ya suruali, nikampa, akaitazama, akanirudishia. Akasema hiyo si nguo, ni kuchorwa miguu. Halafu akapiga magoti, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani, chini ya kila kitu, ilikuwapo suruali ya marehemu baba, ile ya kijivu ya Idi, yenye mkunjo wa pasi mpaka leo na harufu ya nafthaleni. Aliivaa amegeukia ukutani. Ilikuwa ndefu, mtani akapiga magoti akamkunjia miguuni mikunjo miwili miwili. Kiunoni akaifunga kwa ukanda aliouchana kwenye khanga. Gauni akalishusha juu yake. Kisha akageuka, na mimi sikujua nitazame wapi, kwa sababu ndani ya suruali ile niliona jinsi mama alivyo mwembamba.

"Marehemu atanisamehe," akasema.

"Marehemu ndiye anakupeleka," mtani akamjibu.

Alipopanda pikipiki hakujua ashike wapi. Nilimwambia anishike kiuno, akanishika kama anashika chungu cha moto. Basi akachukua khanga, akaizungusha viunoni mwetu wote wawili, akafunga fundo mbele kwenye tumbo langu, kama mtu anayejifunga mbeleko. Ncha za khanga akazichomeka ndani zisije zikaingia kwenye spoki. Koti nilimvika yeye, kinyume. Ule ukanda mweupe wa shuka niliutupa. Helmeti ilikuwa moja, nikamvika na hiyo.

Tuliondoka polepole, watu wakitupungia, mtani akipiga vigelegele kama tunapeleka bibi harusi. Kwenye barabara ya tambarare mama alikuwa amekaza kila msuli. Nilihisi kidevu cha helmeti kikinichoma mgongoni. Mlima ulipoanza, nikaingiza gia ya pili, pikipiki ikaguna, nikamsikia anasoma dua. Kona ya kwanza. Kona ya pili, ile aliyoifikia yule dereva wa bodaboda bila yeye, tukaipita. Hapo akaanza kulegea. Uzito wake ulihamia kwangu kidogo kidogo, mpaka kifua chake chote kikawa mgongoni kwangu, na sikujua tena ni nani amembeba nani. Akawa anavuma wimbo usio na maneno. Ukungu ukatushukia tena, baridi, una harufu ya salfa na maua ya mikorosho. Sikuona mbele zaidi ya hatua ishirini. Tulikuwa tunapanda ndani ya weupe, hakuna ardhi, hakuna saa, na kwa muda fulani niliamini kwamba tunaweza kuendelea hivyo mpaka tuwafikie wote waliotutangulia, baba akiwemo.

Tulipofika juu alinigonga bega nisimame. Akafungua khanga, akashuka. Akatembea mpaka pembeni ya barabara, akitupa hatua ndefu, miguu wazi, mikono mifukoni mwa suruali ya baba. Sikuwahi kumwona mama akitembea hivyo. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo na bonde likaonekana. Alitazama kule tulikotoka, akatazama saa yangu ya mkononi, akaniuliza tumetumia muda gani. Nikamwambia haijafika hata saa moja.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Nilipata hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Miaka tisa. Vipande viwili vya kitambaa vya kupitisha miguu, na miaka tisa. Nilitaka kupiga kelele. Mama yeye alipanda tena bila kusaidiwa, akafunga fundo lake, akasema twende.

Wodini tuliingia saa ya kutazama wagonjwa. Watu waligeuka kumwangalia bibi mwenye suruali ya Idi. Mama mdogo alikuwa amefumba macho. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu ule uliovimba, kwanza huo, kabla ya kumsalimu.

Mama mdogo akafungua macho. Akamtazama kuanzia chini: mikunjo, mkunjo wa pasi, ukanda wa khanga. Alikuwa anaijua suruali ile.

"Shikamoo dada," akasema. "Na shemeji naye kaja?"

"Marahaba. Kaja."

Wakacheka wote wawili bila sauti, mabega yakitikisika. Halafu mama mdogo akanyoosha mkono, akagusa nywele za mama, akaona vumbi. "Mmeanguka njiani?"

Nilimkonyeza mama anyamaze. Nani anamwambia mgonjwa kwamba ameshaliliwa? Lakini mama hajawahi kujua kudanganya.

"Hatujaanguka. Nilikuwa najigaragaza chini. Mwanao huyu alikuja amefunga kitambaa cheupe, tukajua umekufa."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mama mdogo alikuwa anajaribu kuinuka kwa viwiko.

"Nani alianza kulia?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa sauti?"

"Kijiji kizima kilisikia. Sauti imenikauka, husikii? Nilikutaja majina yako yote, hata la utotoni."

"Na watu walikuja?"

"Ua ulijaa. Mtani alikuja kudai ugali. Sufuria kubwa lilishatolewa."

Mama mdogo akalala tena kwenye mto. Sijui nieleze vipi uso ule. Ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa na baridi miaka mingi, sasa amefunikwa.

"Nieleze tangu mwanzo," akasema. "Usiruke kitu."

Aliishi siku tisa. Mama alishinda na kulala kando yake. Mchana alivaa khanga, jioni akaifua suruali akaianika dirishani, kwa sababu kila asubuhi nilimpeleka sokoni kwa pikipiki, akaenda kununua uji na machungwa mwenyewe, amekaa katikati, hafungi tena fundo. Na kila siku mama mdogo alitaka kusimuliwa upya. Mama akaongeza waliaji. Siku ya sita kulikuwa na watu mpaka kutoka Tandahimba, na wanaume wazima wakitokwa na machozi. Mama mdogo alijua kwamba anaongezewa, akawa anaomba majina ya watu fulani, na mama anamwambia, ndiyo, huyo naye alikuwapo, huyo ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Alifariki siku ya tisa mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yake. Tulimzika Newala kesho yake. Kina mama walikaa kwenye mikeka ndani, wakasubiri, maana kilio cha asiye na mtoto huanzishwa na mkubwa wake, na mkubwa alikuwa mama. Mama alikaa kimya, ameegemea ukuta, uso umetulia. Wengine wakaanza kutazamana. Mmoja akamnong'oneza kwamba asijizuie, alie tu, atoe uchungu.

"Nilishamlilia," mama akasema. "Mwenyewe alisikia. Sasa mnataka nimlilie nani?"